Upembuzi Yakinifu

Nililipwa elfu mbili na chai
niisemee barabara kwa kinywa changu:
kutoka Faza mpaka gati ya Mtangawanda,
kurasa mia mbili na kumi na nne za Kiingereza
zilizokuja na boti ya asubuhi ndani ya gunia la mchele.
Muda wa kuzisoma nilipewa
kadiri ya maji kupwa.

Ukumbi ni darasa la nne.
Ubaoni imebaki hesabu ya mtu, kugawanya, na salio.
Watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto,
magoti yamekaribia videvu.
Mgeni wa benki anasema, nami namfuata
kama aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa:
nikiharakisha namwaga, nikichelewa inapoa.

Mheshimiwa naye, aliyezaliwa nyumba tatu kutoka kwetu,
akasema kwa Kiingereza, kwa heshima ya mgeni.
Nikamfasiria Bi Somoe Shebwana
maneno ya mwana wa dada yake.

"Upembuzi yakinifu umekamilika," nikasema.
Kimya.
Kisha Kupi Athman, fundi wa jenereta:
"Na hicho ulichosema, nani atatufasiria?"
Wakacheka. Nikacheka nao, masikio yakiwaka,
maana neno lile nilipewa chuoni Mombasa
nikalitunza kama sahani ya wageni
ambayo sijawahi kuilia wali.

Nikajaribu tena: "Wamepima, wameona inawezekana."
"Wamepima lini? Mbona hatukuwaona na kamba?"

Akasimama Famau, kijana wa ofisini, viatu vyeupe.
Huyu alisema Kiswahili, tena kilichonyooka.
Kukitafsiri kitabu chote, akasema, ni laki sita,
na laki sita ni mita kumi na moja za lami.
"Sasa mwataka maneno, au mwataka lami?"

Nusu ya darasa ikapiga makofi.
Sikuwalaumu. Mwezi wa Shaabani
Mwanahalima alijifungulia juu ya mkokoteni,
punda amegoma katikati ya mchanga,
gati inaonekana, haifikiki.
Mtoto yu hai. Mama ndiye tunayemwombea.
Lakini nilipima kwa macho: mita kumi na moja
ni kutoka mlango huu hadi choo cha walimu,
na mchanga ule ulikuwa mrefu zaidi.

Bi Somoe hakuinua mkono. Aliinuka mwili mzima,
akamtazama mwana wa dada yake, si mimi:

*Barabara siikani, naitaka hata jana,*
*ila kilichomo ndani, sisi hatujakiona,*
*nitie dole winoni, kwa neno nisilonena?*
*Tonge la mla kizani, halijulikani jina.*

Darasa likavuma. Hata Kupi akapiga dawati.
Mheshimiwa akainama kuitafuta simu
iliyokuwa mkononi mwake.

Mgeni akanigeukia, kalamu tayari: amesema nini?

Nikapekua Kiingereza changu chote.
Kina kijiko, kina uma,
hakina tonge.
Kina giza la usiku na giza la umeme kukatika,
hakina lile la mtu kulishwa
akiambiwa shukuru.
Macho yote kwangu. Vikombe vinapoa.
Nikasema: anasema anaitaka barabara.

Si uongo. Ndiyo nusu ya mshororo wa kwanza.

Karani akaandika. Nilichungulia begani mwake:
mkazi mmoja, mwanamke, ameunga mkono.

Bi Somoe akatoka, dole lake safi,
akapita karibu yangu akaniambia taratibu,
"Ahsante, mwanangu, kwa kunisemea,"
na mpaka leo sijui aliifahamu kiasi gani.

Alasiri nikahesabiwa elfu mbili zangu.
Palikuwa na fomu ya kutia saini,
ukurasa mmoja tu, Kiingereza chepesi.
Boti ilikuwa ikipiga honi.
Nikatia. Sikuisoma.